Ukitaka mlima uonekane mkubwa, uupunguze

Kwa miaka mingi nilichora Rwenzori nikikosea jambo lile lile. Naishi Kasese, magharibi mwa Uganda, mlima uko nyuma ya nyumba, na kila alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, nilikuwa nautandaza turubai nzima, ukingo hadi ukingo. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuwabebea wapanda mlima mizigo, alitazama picha moja kwa muda mrefu. "Mwanangu, mimi nimefika huko juu," alisema. "Hapa sipaoni."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na jicho haliwezi kuzihisi mpaka lipate cha kulinganisha. Mchoraji Albert Bierstadt alilijua hilo. Mwaka 1863 alipochora Milima ya Rocky ya Marekani kwenye turubai lenye upana wa mita 3 na zaidi, aliweka chini kambi ya Washoshoni, wenyeji wa asili wa huko, watu na farasi wadogo sana, ndipo theluji ikapaa nyuma yao. Milima yenyewe aliikuza kupita ilivyo, na hapo simfuati. Wetu hauhitaji kusaidiwa.

Kwa hiyo anza na kitu kidogo unachokijua kwa kimo: mtu, ng'ombe, kibanda. Kisha chunga hewa. Mbele, kwenye shamba la pamba, tumia kijani kikali na vivuli vizito. Kadiri unavyorudi nyuma, punguza ukali, ongeza buluu na nyeupe, kwa sababu hewa yenyewe ndiyo inayofifisha vitu vya mbali. Na ukungu ukifunika nusu ya mlima, uache ufunike. Usichokionyesha, mtazamaji atakijenga mwenyewe, tena kirefu zaidi.

Maporomoko ya Murchison yalinifundisha jingine. Mto Naili unabanwa kwenye ufa wa miamba wa mita 7 hivi, kisha unaanguka mita 40 na zaidi. Usihangaike kuchora maji. Chora miamba, iwe myeusi na yenye kubana, na povu uliachie weupe wa karatasi. Tena kaa mbali kidogo, maana manyunyu yataosha rangi zako za maji.

Juzi mzee alikuja tena. Safari hii nilikuwa nimemweka mama mmoja njiani, mdogo kama punje ya mtama, na mzigo wa kuni kichwani. Mzee hakuutaja mlima. Alimwonyesha yule mama kwa kidole, akauliza kama atafika kabla ya mvua.