Noti tatu ndani ya pigo moja

SWALI: Assalamu alaikum. Naandika sehemu ya fidla ya taarab kwa MuseScore, programu ya kuandika noti za muziki. Kila nikitaka tripleti (noti tatu sawa) ya pigo la robo, noti zinatoka zimeungwa kwa mistari miwili, yaani fupi mno, na nusu ya pigo inabaki tupu. Nakosea wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikum salaam. Umeanza kwa kuchagua noti ya thumni (nusu ya robo). Programu inataka urefu wa tripleti nzima, si wa noti moja moja. Bonyeza N, kisha 5 (robo), kisha Ctrl na 3 kwa pamoja. Yenyewe itahamia kwenye thumni, nawe utie D, E, F. Ile iliyoharibika usihangaike kuirekebisha: bofya tarakimu 3 iliyo juu yake, bonyeza Delete, uanze upya. Ukitaka noti tano, Ctrl na 5. Hapo mistari miwili ni sahihi.