Jibu: Paka mzee anayejificha mvunguni

Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama umlazimishe kula huyo paka wako wa miaka 16 anayejificha mvunguni. Usimlazimishe. Paka huficha maumivu; akijitenga na kuacha kujilamba, ujue anaumwa. Mchemshie samaki changu bila chumvi, kitunguu wala thomu (kitunguu ni sumu kwake), toa miba, mpe vuguvugu ili apate harufu. Mchanga wake wa choo utie kwenye sinia, asihangaike kupanda. Panadoli usithubutu! Hata nusu kidonge chaweza kumuua. Ila kama amekonda na anakunywa maji mno, huenda ni figo, kwa hiyo muone daktari wa mifugo hapo Unguja Mjini leo au kesho. Akikwambia hakuna tiba, muulize kuhusu sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu.