Jibu: Umeme umefika kijijini, mbona uchumi haujapanda?

Mkuu, umesema nguzo zimefika kijijini kwenu huku Newala, Mtwara, watu wamelipa ile shilingi 27,000 wakaunganishwa, na mwaka wa pili huu hali ni ile ile. Ukauliza: umeme ndio unaokuza uchumi, au uchumi ukikua ndio unaovuta umeme? Nabangua korosho hapa Newala mwaka wa tisa sasa, nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Nilipounganishwa mara ya kwanza nilikuwa na taa nne, redio na chaji ya simu. Yuniti nilizonunua zilimaliza mwezi na nyingine zikabaki. Mafuta ya taa niliachana nayo, watoto wakasoma usiku, na hilo si dogo. Kipato lakini hakikusogea hata shilingi. Kilichonisogeza ni msimu mmoja ambao korosho zetu ziliuzwa vizuri mnadani. Fedha ile ndiyo iliyonunua oveni ya kukaushia. Kwa hiyo kwangu fedha ilitangulia, umeme ukafuata. Mwaka uliofuata ikawa kinyume: oveni ikaniwezesha kukausha mzigo mkubwa, nikachukua akina mama sita wa kubangua na kumenya, na wao wakaanza kuvuta umeme majumbani kwao.

Wachumi wanabishana juu ya jambo hili tangu 1978, Kraft na Kraft walipopima takwimu za Marekani za 1947 hadi 1974 wakaona pato la taifa ndilo linalovuta matumizi ya nishati. Waliokuja baada yao walipima nchi nyingine, wengine wakapata kinyume, wengine wakaona vinavutana. Mimi niko na hao wa mwisho.

Kwetu huku ushahidi upo wazi barabarani. Yale majengo makubwa ya viwanda vya korosho vya miaka ya sabini, Newala tunayo, yalijengwa na mashine zikasimikwa ndani. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya karibu tani 145,000 za korosho. 1986/87 zilishuka hadi tani 16,000 hivi. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawa mbovu, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukala maua. Mashine zikabaki hazina cha kubangua, na majengo mengi yakageuka maghala. Hapo hata ungeleta umeme wa bure usingesaidia.

Ila usiniambie kwamba umeme basi haujalishi. Nitakueleza usiku mmoja wa Novemba. Korosho ikishabanguliwa inabaki na ngozi nyembamba ya kahawia. Unaipanga kwenye trei, unaiingiza kwenye oveni ikae kwenye joto la wastani kwa saa sita au zaidi, mpaka ngozi ikauke na kuachia yenyewe ukiisugua kwa vidole. Usiku ule tulikuwa tumeingiza trei zote. Saa tano umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Asubuhi mama mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alichukua moja akaisugua, akaniangalia akasema, "Mwanangu, hizi hazimenyeki." Unyevu ulikuwa umerudi, ngozi imeng'ang'ania. Tulimenya kwa kisu na zaidi ya nusu zikavunjika. Kipande hakiuzwi bei ya korosho nzima. Faida ya wiki mbili iliondoka usiku mmoja, na akina mama wale niliwalipa nusu. Uliniuma sana usiku ule.

Kwenye takwimu, usiku ule utaonekana ni yuniti chache ambazo hazikutumika. Wanaohesabu vijiji vilivyounganishwa nao wangeihesabu nyumba yangu kuwa ina umeme, na kweli inao. Saa za umeme usiokatika ndizo zinazomfanya mtu athubutu kununua mashine. Maji nayo ni hivyo hivyo: sisi wa juu ya uwanda wa Makonde tunapandishiwa maji kwa pampu kutoka visima vya bondeni. Pampu zikisimama, mmenyaji wangu anakuja saa nne badala ya saa mbili kwa sababu ya foleni ya ndoo.

Kuhusu gesi, maana najua utaiuliza. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu wakapoteza maisha, na uchungu ule ninao mpaka leo. Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, iligunduliwa 1982, na mitambo ya kuigeuza umeme wetu ilikuja kuwashwa 2007. Bomba lile likakamilika 2015. Lakini gesi humfuata anayeichoma. Dar kulikuwa na mitambo na viwanda vinavyoisubiri. Sisi tulikuwa na taa nne nne. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara kilianza na dizeli, baadaye kikaunganishiwa gesi. Mlaji mkubwa alikuja, gesi ikamfuata hapa hapa nyumbani. Laiti wabanguaji wakubwa wa korosho wangekuwa wengi kama wale wanaonunua korosho ghafi yetu na kuipakia meli kwenda India na Vietnam, madai yetu ya gesi yangekuwa na uzito mwingine kabisa.

Sasa kijijini kwenu. Nenda ukaangalie nyaya zilizopita kwenye nguzo, au muulize fundi aliyewaunganisha: ni njia moja au njia tatu? Njia moja itawasha taa, friji na oveni ndogo, lakini mashine kubwa ya kusaga na kukoboa, au welding ya maana, inataka njia tatu. Vijiji vingi vinaomba umeme bila kuuliza hilo, halafu mwenye mashine anaendelea na dizeli chini ya nguzo. Kama ni njia moja, andikeni barua kupitia serikali ya kijiji sasa hivi, na orodhesheni mashine ambazo watu wako tayari kuzifunga na wanaozimiliki. Ukishapata jibu la fundi, liandike hapa.