Chui milia bado wapo porini

Hapana mkuu, si kweli kwamba chui milia (tiger) wamebaki kwenye bustani za wanyama tu. Mwaka 2010 walioko porini walikadiriwa kuwa kama 3,200. Tathmini ya 2022 ikaweka kati ya 3,726 na 5,578. Nepal ndiyo imetia fora: 121 mwaka 2009, 355 mwaka 2022. Kule jeshi linalinda hifadhi, na vijiji vya jirani vinapata mgawo wa mapato yake.

Namba hazitoki hewani. Nimewahi kubeba kamera za kutega, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tukihesabu chui wetu wa kawaida, na wanaohesabu chui milia wanatumia njia hiyohiyo: kamera mbili zinafungwa kwenye miti zikitazamana, usawa wa goti, maana milia ya ubavu wa kushoto haifanani na ya kulia, na hakuna wawili wenye milia sawa.

Ila sehemu ya ongezeko ni kwa sababu sasa wanahesabiwa vizuri zaidi, na Kambodia wameshatoweka.

Huku kwetu hawajawahi kuwepo. Yule wa kwenye blanketi la Kariakoo ni wa Asia.