Miezi 4 na bado magongo? Mimi yangu yalimaliza miezi 11

Mdogo wangu wa Kadutu kule Bukavu, pole sana. Nimekusoma mara mbili. Ulianguka na pikipiki, paja likavunjika, wakakutia chuma ndani ya mfupa, sasa ni mwezi wa 4 na magongo bado mawili. Nyumbani wameanza kusema umezoea kuhudumiwa, shemeji anajua mtu aliyetembea baada ya miezi 2, na kuna mzee wa Bagira wanataka aje aukande huo mguu mpaka "ukubali". Unauliza kama umechelewa, na kama uyatupe magongo.

Hujachelewa, na usiyatupe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu mimi niliyatupa.

Si daktari. Ni mshonaji, naishi Mabanga hapa Goma. Paja langu la kulia lilivunjika mwishoni mwa Januari 2021 pale Birere, motari (dereva wa pikipiki ya abiria) alinigonga nikivuka na furushi la vikwembe kichwani. Nililala siku 12 mguu ukivutwa na uzito, nikingoja pesa ya operesheni ipatikane. Kisha wakanitia msumari mrefu ndani ya mfupa na skrubu 4, mbili juu na mbili chini. Baada ya kuruhusiwa nikakaa siku 9 zaidi wodini kwa sababu faktire (bili) haikuwa imelipwa yote. Hospitali siitaji jina. Likelemba ya washonaji, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ndiyo iliyonitoa: mwenzangu mmoja alinipa zamu yake, na mpaka leo nguo za watoto wake nashona bure.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wanakuchanganya. Paja ndilo mfupa mkubwa kuliko yote mwilini. Daktari wangu alinieleza kwamba kwa mtu mzima linaomba miezi 4 mpaka 6 mambo yakienda vizuri, na kwamba hawaanzi kusema mfupa umekataa kuunga mpaka miezi kama 9 ipite huku radio (picha za mfupa, eksirei) zikionyesha kitu kilekile. Yule mtu wa shemeji yako inawezekana alivunjika kifundo. Watu husema "alivunjika mguu" kana kwamba mguu una mfupa mmoja. Tena hata sisi wa paja hatufanani. Kuna wenye msumari wanaoruhusiwa kukanyaga tangu wiki za kwanza, kwa kuwa mfupa ulikatika safi. Wangu ulisagika vipande. Kwa hiyo rudi kwa aliyekupasua umuulize swali moja: nikanyage kilo ngapi? Mtu wa kine, yule wa mazoezi ya viungo, alinifundisha hivi: unasimama na magongo, unaweka mguu mgonjwa juu ya mzani, unabonyeza polepole mpaka sindano ifike kwenye kilo 20. Unarudia mpaka mguu wenyewe ujue 20 ni kiasi gani. Kabla ya hapo mimi nilidhani ninagusa chini tu, kumbe naweka 40.

Lakini naona katika maneno yako yote umeongea juu ya mfupa na hukutaja goti hata mara moja. Mfupa unajiunga wenyewe ukiuacha utulie. Goti halikunjiki lenyewe. Mimi nilitoka hospitali goti linakunjika kidogo tu, kama mlango uliovimba kwa mvua, na paja limekwisha. Nilichukua utepe wangu wa kupimia, nikapima mapaja yote mawili mahali pamoja: zima sentimita 49, gonjwa sentimita 43. Nililia siku ile kuliko siku ya ajali. Ila utepe ndio ulionisaidia baadaye, maana macho hayaoni nusu sentimita, utepe unaiona.

Nilifanya hivi. Nilikaa kwenye kiti, mguu kwenye sementi laini juu ya kitambaa, nikauvuta kisigino kurudi nyuma chini ya kiti mpaka kikatae, nikahesabu polepole mpaka 10, nikaachia. Mahali kisigino kilipofika nilipiga mstari kwa chaki ya kushonea. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kuna wiki nzima mstari haukusogea. Kuna siku ulisogea upana wa kidole, nikamwita binti yangu aje atazame, naye akanitazama mimi kama mtu aliyechanganyikiwa. Zoezi lingine ni la kukaza paja bila kusogeza mguu: unalala, unabonyeza goti chini kwenye godoro, unahesabu 5. Linachosha kwa sababu halionekani, lakini hilo ndilo lililorudisha nyama ya paja langu.

Choo. Hakuna anayeandika habari za choo, na ndicho kilichonitesa kuliko maumivu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye paja lililopasuliwa hachuchumai. Fundi mbao wa jirani alitoboa tundu kwenye kiti cha plastiki, tukakiweka juu ya shimo, heshima yangu ikarudi siku hiyohiyo. Kama huna kiti cha namna hiyo, kitafute leo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Magongo nayo. Nilinunua marefu, yakanichoma kwapani, na mimi kwa uvivu nikawa ninayaning'inia. Baada ya wiki 3 kiganja cha kulia kikaanza kufa ganzi, nikashindwa hata kushika sindano. Kwa mshonaji hilo ni msiba wa pili. Kumbe chini ya kwapa panatakiwa vidole viwili au vitatu vya nafasi, na uzito wote unabebwa na mikono, kwapa halibebi kitu. Tulikata mbao, ganzi ikaisha taratibu. Na hapa Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano, yale meusi makali, mpira wa chini ya gongo haumalizi mwezi. Mtengeneza chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) mmoja alinikatia vipande vya tairi, uleule anaovisha magurudumu yake, akavipigilia. Havikuisha mpaka nilipopona. Nyinyi Kadutu mna milima na matope: ukipanda ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia; ukishuka, magongo na mguu mgonjwa ndivyo vinavyotangulia. Ukisahau mpangilio huo kwenye mteremko wenu, utajikuta sokoni bila kutaka.

Sasa kosa langu.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka. Nilikuwa mwezi wa 4, kama wewe leo. Watu wakakimbia, wengi kuelekea Rwanda, wengine njia ya Sake. Mimi nilikaa uani na magongo yangu nikitazama mbingu nyekundu, nikasema sitoki, na lava ikaja ikasimama kule Buhene bila kutufikia. Lakini ardhi ikaendelea kutetemeka siku zote zile, na Alhamisi tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa 10 ihame. Wetu ulikuwamo.

Nilitembea. Jirani alinipakia kwenye chukudu yake kipande cha njia, lakini umati ulikuwa mzito, akashindwa kusukuma, nikashuka. Kutoka hapo mpaka karibu na Ndosho nilikwenda kwa magongo, binti yangu mbele akinifungulia njia na bidoni (dumu) tupu mkononi. Njia ambayo pikipiki inamaliza kwa dakika chache sisi tulitumia saa 4. Pale lori likatuchukua mpaka Sake. Nililala kwenye sakafu ya darasa kama wiki mbili, goti sikulikunja hata mara moja, maana ungefanya mazoezi wapi katikati ya familia 15?

Hilo halikuwa kosa, hilo lilikuwa kukimbia. Kosa lilianza tuliporudi. Kila aliyeniona alisema, "Yaya, kama ulitembea siku ile ya volkano, basi umepona!" Nikaipenda sentensi hiyo. Nikayaweka magongo nyuma ya mlango, nikawa ninatembea nikishika kuta, nikaenda mpaka kanisani hivyo, watu wakapiga vigelegele. Wiki 3. Maumivu yalikuwa yanapanda kila jioni upande wa chini wa paja, nikayanyamazisha kwa diklofenaki ya duka la dawa mpaka tumbo likaanza kuwaka. Nilipopiga radio, skrubu moja ya chini ilikuwa imekatika. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema mfupa bado uko mahali pake, hatafungua tena, lakini narudi kwenye magongo mawili na tutaonana baada ya wiki 6. Niliyaacha wiki ya Krismasi, kwanza moja, kisha lingine.

Kwa hiyo siku moja uliyoweza kutembea haikupi ruhusa ya kutembea kesho yake. Ruhusa inatoka kwenye radio.

Kuhusu mzee wa Bagira: sisemi wazee hawajui kitu. Mama yangu aliungwa mkono na mzee wa namna hiyo na alilima nao miaka mingi. Lakini wewe una chuma ndani. Kukandwa kwa nguvu na kuvutwa mguu wenye msumari na skrubu si dawa. Mpe mzee soda, mwombe akusimulie hadithi, mguu asiuguse.

Kongoro utaletewa nyingi, kunywa, ni tamu. Mimi nilikunywa mpaka nikachoka, ila sikuitegemea peke yake. Maharagwe, mayai yakipatikana, sombe (majani ya muhogo), na sambaza, samaki wadogo wetu wa ziwa unazotafuna pamoja na miiba yake, hizo ndizo chakula cha mfupa, na bei yake tunaimudu. Sigara kama unavuta, acha, inachelewesha mfupa kweli.

Nimeahirisha sehemu ya moyo kwa sababu siipendi. Binti yangu alikuwa na miaka 13. Yeye ndiye aliyebeba bidoni za lita 20, aliyepika, aliyenimwagia maji nikiwa nimekaa kama mtoto. Alikosa shule siku nyingi mno. Wageni walikuja, wakakaa, wakautazama mguu, mmoja akasimulia habari ya binamu yake aliyekatwa wake, wakasema "Mungu iko," wakaondoka. Saa 8 za usiku nilikuwa macho nikifikiri kwamba nyumba hii ingekuwa nyepesi bila mimi. Nilimwambia jambo hilo mtu wa kine tu, kwa bahati, kwa sababu aliuliza ninalalaje. Akasema wengi wanaopasuliwa mifupa mikubwa wanapita hapo, na kama wazo hilo linarudi kila usiku nisikae nalo peke yangu. Nikamwambia dada yangu, akahamia kwetu miezi 2. Kama hayo yanakupata usiku, mwambie mtu mmoja kabla ya wiki hii kuisha. Si lazima shemeji.

Kilichonitoa kitandani mchana kilikuwa kazi ya mikono. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo sikuigusa, lakini vifungo, pindo na nakshi za libaya (blauzi) nilishona nimekaa. Pesa ndogo sana. Lakini mgeni akiingia na kunikuta na sindano, alikuwa anaongea na mshonaji. Wewe ni motari, najua huwezi kuendesha ukiwa kitandani. Kuna mwenzako hapa kwetu alikaa chini ya parasoli akiuza uniti za simu miezi 7 mguu ukiwa juu ya kreti ya bia, na wateja wake walikuwa motari wenzake.

Usingoje asubuhi kama shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, au pumzi imekatika ghafla, au kovu linatoa usaha na una homa, au mguu umegeuka au umefupika kuliko jana. Hayo si ya kuuliza hapa, hayo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Leo cherehani nakanyaga kwa mguu uleule, baridi ya asubuhi ikiwa kali paja linanikumbusha, basi. Kuchuchumaa kabisa bado sijaweza, kile kiti tunacho mpaka sasa.

Sasa nijibu wewe: ukikaa kwenye kiti, kisigino chako kinaingia chini ya kiti au kinabaki mbele? Na radio ya mwisho ulipiga lini, walikuambia nini?