Mdudu jani: mume na mke walioandikwa koo mbili

SWALI: Mambo vipi mtaalamu. Nimeona picha za wale wadudu wanaofanana na majani mabichi kabisa, mtu akaniambia eti ni ndugu wa wadudu vijiti. Mbona hawafanani hata kidogo? Na wanaishi wapi hasa?

JIBU: Hajakudanganya, wote ni wa oda moja (yaani kundi kubwa la wadudu wenye asili moja), Phasmatodea, yenye spishi zaidi ya 3,000, ila hao wa majani wana familia yao inaitwa Phylliidae. Na kuchanganyikiwa usijali, hata mabingwa wenyewe walichemsha zaidi ya miaka 100! Kule Papua Guinea Mpya kulikuwa na kundi linaitwa Nanophyllium, limepewa jina 1906, wadudu wadogo wembamba, na cha ajabu kila aliyekamatwa ni dume, jike haonekani. Pembeni kuna majike wakubwa, wapana kama jani lenyewe, hao wakabandikwa jina la Phyllium, na wao nao madume wao hawajulikani. We hapo si ungeshtuka? Basi mwaka 2018 jumba la wadudu la Montreal kule Kanada likaletewa mayai 13 ya hao majike, wakayatunza mpaka yakaanguliwa, watoto wakakua, madume walipopevuka kumbe ni Nanophyllium watupu. Yaani mume na mke wameandikwa koo mbili muda wote huo, ndo 2020 wakaunganishwa rasmi.

Dume na jike wanatofautiana hivo kwa sababu dume lazima aruke kumtafuta mwenzie, kwa hiyo mwili mwepesi na antena ndefu, wakati jike haruki, yeye ananing'inia tu mtini anakula majani na kudondosha mayai chini, nayo ukiyaona utadhani mbegu.

Wanakoishi sasa: Shelisheli, India na Sri Lanka, Asia ya Kusini-Mashariki yote ile, Guinea Mpya, kaskazini mwa Australia mpaka Fiji. Zamani walifika hadi Ulaya, kuna kisukuku chao (mabaki ya kale yaliyohifadhika kwenye mwamba) kimetoka Messel, Ujerumani, cha miaka milioni 47, na ukikiangalia ni jani vilevile, mi hapo ndo nachoka kabisa.

Afrika bara hawapo. Kwa hiyo ukikuta jani linatembea huko angalia miguu ya mbele, ikiwa imekunjwa na ina miiba huyo ni vunjajungu, na yeye hali majani, anakula wadudu wenzie.