Maswali na majibu: maji ya mwilini, chumvi na sukari

Nilipolazwa nilitundikiwa dripu, nikaambiwa ni maji ya chumvi. Kwa nini wasitumie maji safi tu? (Tanga)

Maji matupu yakiingizwa mshipani hupasua chembechembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe hizo mmeyeyuka vitu vingi. Nje kukiwa na maji matupu, maji hupenya utando kuingia ndani, chembe ikavimba hadi ikapasuka. Mvuto huo ndio shinikizo la osmosisi. Dripu ya kawaida imeandikwa 0.9%, yaani gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi kinachokaribiana na damu.

Mtoto anaharisha. Bibi yake anataka tuchanganye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na maji kidogo ili iwe kali. Kuna ubaya? (Morogoro)

Mwamkieni bibi, lakini hapo tumkatalie. Soma pakiti: ya lita moja inataka lita moja, ya nusu lita inataka nusu. Ikizidi ukali huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuharisha kunazidi. Hata Shirika la Afya Duniani lilipunguza ukali wake mwaka 2002, kutoka miliosmoli (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) 311 hadi 245 kwa lita. Soda nayo iacheni, sukari yake ni nyingi mno na chumvi karibu hakuna. Sukari ya ORS si ya utamu: glukosi (sukari hiyo) na sodiamu iliyomo kwenye chumvi huvuka ukuta wa utumbo pamoja, maji yakifuata nyuma. Mpeni kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10 mwendelee. Macho yakididimia au akishindwa kunywa, mkimbizeni kituo cha afya.

Mvuvi akiishiwa maji, anywe ya bahari kidogo? (Lamu)

Asinywe. Lita moja ina chumvi kama gramu 35, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Atakojoa maji mengi kuliko aliyokunywa.

Miguu ya mjomba imevimba, ukibonyeza panabaki shimo. Ni kunywa maji mengi? (Kisumu)

Ni nadra kuwa hivyo. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, huyashikilia maji yasitoroke kwenye mishipa. Ini likiugua, au figo zikivujisha protini kwenye mkojo, maji huhamia miguuni. Moyo dhaifu nao huvimbisha, ila kwa kurundika damu kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Aende hospitali, aombe na kipimo cha protini kwenye mkojo. Na asijinunulie vidonge vya kukojosha duka la dawa kabla sababu haijajulikana.